Kiingereza cha Kasese kwa Anayetaka Kufika Bwera

Funga kitabu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na wengi hukwama hapo hapo. Mtu katoka Bukoba, Kisumu au Beni, kasikia kwamba Uganda watu wanazungumza Kiingereza, basi kajifungia ndani na kijitabu cha maneno ya msafiri. Kakariri namna ya kuulizia treni ya London, namna ya kuagiza nyama isiyoiva sana, namna ya kusifu hali ya hewa. Anafika Kasese mchana wa jua kali, Kiingereza chake kimepigwa pasi, anapanda gari la Bwera, na neno la kwanza analoambiwa na kondakta ni “extend”. Anaduwaa. Anadhani anaombwa kurefusha kitu. Nyuma yake kuna mama mwenye kuku wawili mkononi na mtoto mgongoni, na msafiri wetu kasimama mlangoni akitafuta ukurasa.

“Extend” maana yake sogea. Sogea, mama akae. Na treni usiiulizie. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya migodi ya Kilembe, shaba ikasimama, na siku hizi hakuna gari moshi linaloleta abiria.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayekwenda magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na anataka kununua, kula, kutibiwa na kusalimiana bila kukodi mkalimani. Nausimamisha juu ya jambo moja ambalo nina hakika nalo: Kiingereza cha kila siku cha Kasese na Bwera kimejengwa na watu ambao lugha zao ni ndugu za Kiswahili, na wamekijenga kwa adabu zile zile ulizolelewa nazo. Unaingia darasani ukiwa na nusu ya somo mfukoni. Bernard Sabiti aliyakusanya maneno ya namna hii ya Uganda nzima katika kamusi yake iliyotoka mwaka 2014, akaiita “Uglish”. Kitabu hicho unaruhusiwa kukifungua, lakini baada ya kusalimia.

Maana salamu ndiyo mlango, na kosa kubwa la mgeni ni kuanza na haja. Anamsogelea mtu barabarani na kumtupia, “Where is the hospital?” Sarufi haina kasoro, ila tabia imepotoka. Huyo mtu si kibao cha barabarani. Mpe kwanza habari za asubuhi, uliza nyumbani kukoje, ndipo ulizia hospitali, na utaona hakuelekezi tu bali anakupeleka hadi njia panda. Kiingereza cha kazi hiyo ni chepesi: “How are you?”, kisha “How is home?”, kisha “How is there?” yaani huko utokako kukoje. Jibu la zote tatu ni “Fine”. Hata kama mvua imebomoa jiko, sema “Fine” kwanza, kisha ndipo ueleze habari ya jiko. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo, kwani na sisi husema “nzuri” na baada ya hapo ndipo tunataja msiba.

Kisha linakuja neno ambalo kitabu cha Uingereza hakitakufundisha kamwe: “Otherwise?” Linasemwa peke yake, kwa sauti ya kupanda, pale salamu zinapokaribia kuisha na hakuna anayetaka ziishe. Maana yake ni habari nyingine, lete mengine, bado nipo nakusikiliza. Usilijibu kwa haraka. Taja mvua, taja bei ya kahawa, taja mtoto aliyefanya mtihani.

Ukiwa umekaa kwa muda bila kuonekana, utaambiwa “You are lost!” Usitoe ramani. Umepotea, ndugu yangu, siku nyingi hatujakuona, na anayekwambia hivyo kafurahi kukuona. Ukiambiwa “You have grown fat”, pokea kwa shukrani, ni sifa ya afya na ya nyumba yenye chakula. “You are smart” inasifu nguo ulizovaa, haijasema lolote kuhusu akili. Na ukimkuta mtu analima, anafyatua matofali au anafua, usipite kimya. Sema “Well done”. Mwingereza husema hivyo kazi ikiisha na imefanywa vizuri. Huku inasemwa jembe likiwa hewani, maana inabeba pole ya kazi, na anayelima ataegemea jembe lake akushukuru.

“Sorry” nayo uielewe mapema. Ukijikwaa mbele ya maduka ya Kasese, mtu aliye ng’ambo ya barabara, ambaye hata kivuli chake hakijakugusa, atakuambia “Sorry!” Anakupa pole. Wageni kutoka Ulaya hushangaa wakidhani anaungama kosa. Wewe huna sababu ya kushangaa, umesema pole maisha yako yote. Pia ukimsikia mwenyeji wako anasema “Let me give you a push”, usishike ukuta. Anataka kukusindikiza, na kukataa ni kumvunjia heshima.

Kwa Kilhukonzo, lugha ya Wakonzo wenye nchi hii, jifunze maneno matatu kabla ya Kiingereza chochote: “wabukire” asubuhi, “wasibire” mchana na jioni, “wasingya” unapotaka kusema asante. Wanande wa upande wa Kongo wanazungumza lugha iyo hiyo kwa tofauti ndogo, kwa hiyo maneno hayo hayaishii mpakani. Yatangulize, halafu Kiingereza chako kibovu kitapokewa kama mtoto mchanga.

Majina pia ni shule ya bure. Wakonzo huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Bwambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kule wa nne. Ukitambulishwa kwa Kule, una swali tayari: “So you are the fourth boy?” Kwa swali hilo moja unafanya mazoezi ya kuhesabu kwa Kiingereza, unajua habari za kaka zake watatu, na mwenyewe anaona mgeni amejishughulisha kuijua nchi yake. Halafu atakuhesabia ndugu zake wote mpaka kitinda mimba, na hapo ndipo utasikia Kiingereza kikitiririka polepole, kwa mifano, kikirudiwa kila usipoelewa. Mwalimu wa kulipwa hana subira hiyo.

Sasa safari. Kutoka Kasese hadi Bwera ni kama kilomita 50 na kitu, na hakuna darasa la Kiingereza lililo zuri kuliko gari hilo, kwa sababu umebanwa na huwezi kutoroka. Elewa kwanza kwamba “taxi” Uganda ni gari la abiria wengi, daladala au matatu yako wewe. Gari la kukodi peke yako linaitwa “special hire”, na ukilitaja hilo kwa kukosea utalipa kwa kukosea pia. Kituo ni “stage”. Bodaboda haihitaji tafsiri, neno hilo lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka yetu, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda.

Dereva atasema “We are going now”, na gari halitaondoka. Usimwite mwongo. Ametaja nia. Gari linaondoka likijaa, na wewe unajua hivyo kutoka stendi ya kwenu. Kondakta atakuambia “I’m coming” huku akikupa mgongo na kwenda zake kunywa chai. Hilo pia unalijua: nakuja, anasema mtu anayeondoka, akimaanisha kwamba atarudi. Tumia muda huo. Mwulize jirani yako, “You are going up to where?” Swali hilo mwalimu wa shule atalipiga mstari mwekundu, na abiria mwenzako atalijibu bila kusita. Atasema anashukia Kinyamaseke, kwamba hapo atachukua bodaboda, au ata-“foot”, yaani atatembea kwa miguu. Mwingine atasema ata-“branch” Kikorongo, maana barabara inayokwenda Mbarara unaiacha hapo, karibu na mstari wa Ikweta, na kushika mkono wa kulia kuelekea Kongo. Yule wa dirishani ata-“slope”, atashuka na mteremko hadi kwao. Nchi hii ina milima upande mmoja na maziwa mawili upande wa pili, na watu wake wameunda vitenzi vya kupandia na kushukia. Ni Kiingereza chenye akili ya mahali.

Njiani mnakatiza hifadhi ya wanyama iliyopewa jina la Malkia Elizabeth mwaka 1954 alipoizuru Uganda. Ukiona tembo, paza sauti upendavyo, lakini usianze kumweleza jirani kwa sentensi ndefu yenye vitenzi vitatu. Sema “Eh! Imagine!” na umemaliza. Jirani atajibu “Sure”, na mmezungumza. Maneno hayo mawili yanatosha kwa tembo, kwa bei ya petroli, kwa matokeo ya mpira, kwa harusi iliyovunjika. Jifunze kuyapandisha na kuyashusha, kwani sauti ndiyo inayobeba maana. “Sure” ya kushuka inakubali. “Sure?” ya kupanda inadai ushahidi.

Chakula nakipitia upesi, kwa kuwa tumbo hujifunza lenyewe. Ila jua kwamba mkahawani “food” ni ile sehemu ya kushibia, yaani matoke, posho (ndio ugali wa mahindi), wali, viazi, na “sauce” ni kinachoambatana nayo, maharage au nyama au samaki. Ukiambiwa “Food is there, sauce is finished”, hujatukanwa, umeelezwa hali halisi ya sufuria. “Irish” ni viazi mviringo, wala si raia wa Ireland. “Rolex” ni mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, hailingani na saa yoyote ya mkononi na ina manufaa zaidi saa moja asubuhi. Na ukikaribishwa bundu, ugali wa muhogo wa Wakonzo, pamoja na samaki wa Ziwa George, acha Kiingereza kipumzike. Kula kwanza.

Kuna Kiingereza cha pili, ambacho huwezi kukikwepa ukikaa Kasese zaidi ya juma moja, nacho ni cha mikutano. Wilaya hii imeona mengi: mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020, wakimbizi wamevuka mara kwa mara kutoka Kongo, na kila jambo limeleta mashirika, na kila shirika limeleta semina. Hapo utasikia lugha nyingine kabisa. Mzungumzaji anasimama, anasema “All protocol observed”, na kwa maneno hayo matatu amewasalimu wakubwa wote kwa jumla bila kutaja jina la yeyote. Ni ufupisho mzuri sana, na ningependa kuusikia kwenye harusi zetu. Baada ya hapo zinafuata “sensitization”, “stakeholders”, “way forward”. Neno la kushika ni “facilitation”. Ukiulizwa kama kuna “facilitation”, hawaulizi nani anaendesha mjadala. Wanauliza kama kuna posho ya fedha. Na “transport refund” ni nauli ya kurudia, anayopewa hata aliyekuja kwa miguu.

Jizoeze maneno hayo kwa kuyaelewa, na ukipewa nafasi ya kusema, usiyatumie. Nasema hili kwa uchungu. Mkulima wa kahawa aliyeshuka kutoka mlimani, aliyeacha shamba lake siku nzima ili aje asikie mto utafanya nini mwakani, ana haki ya kuambiwa kwa maneno anayoweza kwenda nayo nyumbani. Ukimwambia “early warning mechanism” anaondoka na soda aliyokunywa. Ukimwambia kwa Kilhukonzo, au kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba mvua ikinyesha juu usiku kucha na mto ukabadilika rangi ahamishe watoto, huyo anaondoka na uhai wa watoto wake. Kiingereza kizuri ni kile kinachoondoka na msikilizaji.

Hospitalini ndipo mzaha unapungua. Bwera ina hospitali ya serikali, na hospitali ya Kagando iko njiani, na katika zote utamkuta muuguzi ambaye Kiingereza chake ni kile kile cha sokoni, jambo jema, maana mtaelewana. Lakini kuna maneno yanayoteleza. “Fever” huku mara nyingi ni malaria yenyewe, sawa na wengi wetu wanavyosema homa. Ukisema “I have fever”, eleza: mwili unachemka, unatetemeka, tangu lini. “Since when?” ndilo swali utakaloulizwa kwanza, kwa hiyo uwe na jibu: “since yesterday”, “since Monday”. “Pressure” ni shinikizo la juu la damu, “sugar” ni kisukari, na “ulcers” ni maumivu yoyote ya tumbo mpaka daktari akatae. “It pains me here”, sema, na uweke kidole mahali penyewe. Kidole hakina lafudhi. “Short call” ni haja ndogo, utaulizwa kama unaipata vizuri, jibu bila aibu.

Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka kutoka Kongo. Mtoto wa miaka 5 aliyekuja na familia yake alishukiwa Kagando, akahamishiwa kituo cha matibabu cha hospitali ya Bwera, na hakupona. Katika miezi ile watu wa Mpondwe, mpakani jirani na Bwera, walifundishwa Kiingereza kwa kasi zaidi kuliko shule yoyote ilivyowahi kufundisha: “screening”, “isolation”, “temperature”, “contact”. Chukua hilo la mwisho. Barabarani “Give me your contact” ni kuomba namba ya simu, jambo la kirafiki. Kwa mhudumu wa afya “contact” ni mtu aliyemgusa au kumkaribia mgonjwa, anayepaswa kufuatiliwa siku 21. Neno moja, maana mbili, na kati yake kuna mtu anayeogopa. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba ukishajua Kiingereza kidogo, kazi yako ya kwanza ni kumtafsiria mwenzako asiyekijua, kwa lugha yake, taratibu, mpaka uone usoni kwamba ameelewa.

Hapa nieleze kwa nini watu wengi wa huku wanakijua Kiingereza na bado wanakiogopa. Katika shule nyingi za Uganda, kama ilivyokuwa kwetu Kenya na kwingineko, mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake alivishwa kibao au kipande cha mfupa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Mtaala uliobadilishwa mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya mahali, kisha la nne liwe la mpito kwenda Kiingereza. Ni hatua ya busara. Lakini watu wazima wa leo ndio watoto wa vile vibao. Utakutana na fundi hodari, mwenye maneno ya kutosha kabisa, ambaye ukimsemesha Kiingereza ananyamaza, anatabasamu, anaita mtoto wa shule aje ajibu badala yake. Hajakosa maneno. Anakumbuka kibao.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu isiyo na msamaha ni hii: usimcheke mtu. Akisema “He go yesterday”, umeelewa nani, kafanya nini na lini, basi unataka nini tena? Jibu swali lake. Ukitaka kumsaidia, irudie sentensi kwa usahihi ndani ya jibu lako: “Oh, he went yesterday? With whom?” Ataisikia, ataichukua, hakuna aliyeaibishwa. Wewe pia watakufanyia hivyo, kwa upole mkubwa, ukisikiliza vizuri.

Na Kiswahili chako usikifiche. Gavana wa kikoloni Gowers alitaka kukifanya lugha ya elimu na utawala Uganda tangu mwaka 1927, Buganda ikakataa. Baadaye kikabaki mdomoni mwa askari kwa miaka mingi, na wengi waliogopa buti zilizokuja nacho. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kasese haikungoja maazimio hayo. Migodi ya Kilembe ilikusanya watu wa makabila mengi waliohitaji kuelewana, na mpaka wa Kongo uko karibu, kwa hiyo huku utapata Kiswahili pale ambapo Kampala wangekutazama tu. Kitumie kama ngazi: sema Kiswahili, uliza “In English how do you say?”, pokea jibu, lirudie hapo hapo. Wauzaji wengi wa Bwera wanapita kutoka Kilhukonzo kwenda Kiswahili, Kiingereza na Kiganda kabla hujamaliza kuchagua nyanya.

Basi mmefika Mpondwe, mwisho wa barabara. Mbele ni mto Lhubiriha, na ng’ambo ni Kasindi, Kongo. Siku ya gulio watu huvuka kwa wingi, na bidhaa zinapishana: mawese na vitenge kutoka upande ule, samaki, chumvi ya Ziwa Katwe na bidhaa za dukani kutoka upande huu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini akina mama hawa walikuwa wamejiunga siku nyingi. Kinachowasumbua ni namba. Mama wa Kasindi anahesabu kwa Kifaransa au Kiswahili, faranga kichwani, shilingi mkononi, na muuzaji anamtajia bei kwa Kiingereza upesi upesi.

Hapa ndipo kujifunza kunalipa siku hiyo hiyo. Hatari kubwa ni “fifteen” na “fifty”. Midomo yetu hutilia mkazo silabi ya kwanza ya yote mawili, na mwisho wake humezwa na kelele za soko. Elfu kumi na tano na elfu hamsini zinasikika kama ndugu mapacha, na noti ya 50,000 ndiyo kubwa kuliko zote Uganda, kwa hiyo kosa moja linakula faida ya siku nzima. Dawa zake ni tatu, na zote nimeona zikifanya kazi. Ya kwanza, livute “teen” mpaka n isikike puani. Ya pili, taja tarakimu moja moja, “one-five”, “five-zero”, lakini hakikisha mnajua mnahesabu elfu, kwani kwa wauzaji wengi “one-five” inaweza kuwa 1,500. Ya tatu ni kuandika bei kwenye simu na kumwonyesha mwenzako. Usione haya kuitoa simu, hata wakubwa wa kahawa wanafanya hivyo.

Ukimwona mama amesimama na dumu lake la mawese, bei ya kipimo kimoja imetajwa mara tatu na bado macho yanahangaika, msogelee. Msalimie kwanza. Mwandikie 15,000 na 50,000 kwenye kipande cha boksi, zisome naye moja baada ya nyingine mpaka zisichanganyike tena, kisha mfundishe neno “balance”, ambalo huku ni chenji, ili asiondoke bila kudai yake.